Basi Mbili

Barua ya chuo ilifika saa saba mchana, Mwalimu akiwa amepiga magoti uani, anamfunga kiatu mtoto ambaye hakutaka kabisa kufungwa kiatu. Simu ililia mfukoni mwa aproni. Aliisoma palepale chini, na mtoto akapata mwanya wa kukimbia na kiatu kimoja.

Ilikuwa barua fupi yenye adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyotisha. "Mwanafunzi mpendwa," ilianza, kisha ikamweleza kwamba asilimia arobaini na nne ya kazi yake ya tatu ya muhula ilifanana neno kwa neno na kazi ya mwanafunzi mwingine wa darasa hilohilo. Alitakiwa mbele ya jopo la mwenendo wa kitaaluma, Jumatano saa nne asubuhi, kwa njia ya mtandao. Asipojieleza vya kutosha ataondolewa kwenye kozi. Chini kabisa wakaandika: wako katika elimu.

Alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita. Kumi na tisa kati ya hiyo alikuwa ameitumia chekechea, akipangusa pua za watu wadogo, na sasa alikuwa amebakiza masomo mawili tu apate shahada ya uzamili ya elimu ya awali. Chuo chenyewe hakuwahi kukitia machoni. Darasa lake lilikuwa vijisanduku thelathini kwenye skrini, nusu vikiwa vimezimwa kamera, na wenzake aliwajua kwa namba za usajili. Kumbe mmoja wa hao wasio na sura alikuwa na maneno yake.

"Nimeibiwa," alisema kwa sauti.

Mtoto wa kiatu kimoja alisimama. "Nani kakuibia, Mwalimu?"

"Bado sijamjua."

Mtoto alifikiri kidogo. "Mwambie arudishe," akashauri, akaendelea na mbio zake.

* * *

Mume wa Mwalimu alikuwa na kibanda cha kuchapa mkabala na ofisi ya elimu. Mtaa mzima ulimwita Karani, ingawa hakuna ofisi iliyowahi kumwajiri. Alianza na taipureta miaka ishirini na miwili iliyopita, akahamia kwenye kompyuta, na kitu pekee kilichobaki kilevile ni kiti chake na fahari yake. Watu walimletea karatasi zilizokunjwakunjwa: maombi ya kazi, barua za kuomba radhi, risala, taarifa za mikutano. Vibanda vingine vilichapa kilichoandikwa. Karani alinyoosha.

Kunyoosha lilikuwa neno lake la kazi. Mteja akiandika "naomba kazi nina shida", Karani alichapa "kwa heshima na taadhima naleta kwako ombi hili nikiwa na imani isiyotetereka". Hakutoza zaidi kwa hilo. Alikuwa na daftari jeusi alilolijaza sentensi tamu kwa miaka yote hiyo, za kufungulia, za kufungia na za kuunganishia, na nyingi alizijua kwa moyo. Wateja walisoma barua zao zilizonyooshwa, wakajiona wamekua inchi mbili. Wengine walirudi siku ya pili kumshukuru, na Karani alijifanya hajali.

Kazi za mkewe za chuo zilipitia hapohapo. Mwalimu alifikiri kwa kalamu. Mbele ya kibodi akili yake iligoma, na vidole vyake viwili vilikuwa vikitafuta herufi kama mtu aliyepoteza shilingi mchangani. Aliandika kwenye daftari la mistari baada ya watoto kuondoka, mumewe akalichukua asubuhi, akachapa, akatuma chuoni moja kwa moja kutoka kibandani. Mwalimu hakuwahi kusoma kilichochapwa. Alikuwa na watoto arobaini na mmoja, na mume alikuwa ndiye bingwa wa kazi hiyo.

Alasiri ile alifika kibandani na aproni bado kiunoni. Karani alisoma barua kwenye simu na shingo ikamvimba.

"Mwizi huyo!" alifoka. "Mtu mzima, anasoma uzamili, anadokoa kazi ya mwenzake! Lete namba yake ya usajili nimwandikie barua. Nitamwandikia barua moja tu, ataacha shule."

"Hawajaitaja. Wameleta kiambatisho. Wanasema kazi zote mbili zimewekwa sambamba."

Karani alikifungua. Kazi mbili zilitokea kwenye skrini, moja kushoto, moja kulia, bila majina, na kila palipofanana pamepakwa rangi ya njano. Alivaa miwani. Alianza kusoma kwa sauti, na kwa hasira, kama mtu anayesoma mashitaka ya adui.

"Ni dhahiri shahiri, wala si jambo la kubishaniwa na mwenye macho, kwamba mtoto ni hazina..." Akasogeza miwani. "Kwa muktadha huo basi, na pasi na chembe ya shaka..." Sauti ilishuka. Akasogeza chini. Zikaja tatu nyingine za njano, halafu tano. Akawa anasoma kwa midomo tu.

"Nini?" aliuliza Mwalimu.

"Printa inapata joto," alijibu Karani, ingawa printa ilikuwa imezimwa tangu saa sita. "Wewe tangulia nyumbani. Nitakuja."

Mkewe alipoondoka alibaki akitazama skrini. Hakuhitaji kulifungua daftari jeusi. Sentensi zote za njano zilikuwa zake, na, Mungu amsamehe, jambo la kwanza alilolihisi ni kwamba zilikuwa nzuri.

* * *

Karani alikaa na jambo hilo tumboni siku moja na nusu. Mama yake mzazi, Bibi wa nyumba ile, aliyeketi sebuleni tangu miguu ilipoanza kumsumbua, na ambaye hakuna kilichompita, alimtazama Jumamosi asubuhi akikoroga chai ambayo hajatia sukari.

"Huyu ana neno," Bibi alimwambia mkwewe. "Alikuwa hivihivi alipovunja redio ya baba yake."

Mwalimu aliweka kikombe chini. Karani alikwenda chumbani, akarudi na daftari jeusi, akaliweka mezani.

"Huyo mwizi tunayemtafuta," alisema, "ni mimi."

Akaeleza yote. Kwamba kuna mteja, mtu mzito, jina halitaji kwa sababu siri ya mteja ni siri ya mteja. Kwamba huyo mteja naye alileta kazi iliyoandikwa kwa mkono, ikiwa na kichwa cha habari kuhusu watoto na hesabu, na yeye Karani hakujua ni ya chuo hichohicho wala darasa hilohilo, maana kila siku mbele ya ofisi ya elimu zinapita kazi kumi za watoto na hesabu. Kwamba aliinyoosha. Kwamba wiki hiyohiyo alikuwa ameinyoosha na ya mkewe.

"Umeinyoosha yangu?" alisema Mwalimu polepole.

"Kidogo."

"Asilimia arobaini na nne, Karani."

"Sikupima. Nilikuwa naweka mwanzo, naweka mwisho, katikati napitisha pasi."

"Kwani zangu zilikuwa na nini?"

Hapo mume alipaswa kunyamaza, na mtu mwenye akili timamu angenyamaza. Lakini Karani aliheshimu sana lugha.

"Zilikuwa kavu," alisema.

Mwalimu hakulia na hakupiga kelele. Alifungua daftari jeusi na kusoma ukurasa mmoja, kisha mwingine. Kilichomchoma si jopo tena. Mwaka mzima alikuwa akipata alama nzuri, na kila alama ilipokuja alijipongeza kimoyomoyo, anaingia darasani akitembea kwa madaha kidogo. Sasa hakujua ni alama zipi zilikuwa zake na zipi za hazina ya daftari hili. Ilikuwa aibu ndogo isiyo na shahidi, na hizo ndizo zinazouma.

"Nilitaka uonekane unavyostahili," alisema Karani.

"Kwa macho ya nani?"

Bibi ndiye aliyesema. "Mume wangu miaka arobaini alikuwa akinimalizia sentensi," alisema. "Lakini walau nilikuwa nipo, namsikia."

Baada ya hapo walifanya kitu ambacho walipaswa kukifanya mwaka uliopita. Walitafuta waraka wa chuo, kurasa kumi na mbili, wenye kichwa Matarajio kwa Mwanafunzi na Mwenendo wa Kitaaluma. Chini yake paliwekwa alama ya vema kwenye kijisanduku cha "nimesoma na nimekubali". Aliyeiweka ni Karani, siku ya usajili, kwa kasi ileile aliyoiwekea vijisanduku vya watu wote waliowahi kukaa kwenye benchi lake.

Alisoma kwa sauti, kifungu baada ya kifungu. Mwanafunzi ahudhurie kipindi akiwa amewasha kamera. "Huwashi," alisema Karani. "Bibi amekaa nyuma na khanga," alijibu Mwalimu. Mwanafunzi ajibu hoja za wenzake kwa staha. Mwanafunzi asitume kazi moja mara mbili. Walipofika kifungu cha tisa sauti ya Karani ilikwama. Msaada wowote wa kuchapa, kuhariri au kurekebisha lugha unaruhusiwa kwa kiasi, na sharti utajwe mwishoni mwa kazi, pamoja na jina la aliyesaidia.

"Unaruhusiwa," alisema Mwalimu.

"Kwa kiasi," alisema Karani.

"Mstari mmoja tu ungetosha. Mstari mmoja, na jina lako."

"Mimi sijawahi kutajwa kwenye karatasi ya mtu," alisema Karani, na alilisema kama jambo la kawaida tu, kama anavyosema bei ya ukurasa.

* * *

Jumatatu Mkaguzi alikuja chekechea bila taarifa. Shule zote za eneo lile zilimjua Mkaguzi: suruali yenye mkunjo wa kukata karatasi, mkoba, kalamu nyekundu. Mwaka uliopita alikuwa ameandika katika ripoti yake kwamba vifuniko vya soda wanavyohesabia watoto viondolewe kwa kuwa si vifaa rasmi. Mwalimu alimjibu "ndiyo, Mkaguzi", na vifuniko vikabaki palepale kwenye ndoo ya bluu.

Safari hii hakuikagua hata ndoo. Aliomba dakika mbili. Kiti kikubwa kilikuwa kimoja na kilivunjika mguu wiki iliyopita, hivyo alikaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakamfikia kidevuni.

"Mwalimu," alisema, "nimepata barua. Ya chuo."

Mwalimu alimtazama bila kuelewa, kisha akaelewa, na ilibidi aiangalie dari ili asicheke.

"Kumbe nawe ni mmoja wa masanduku yasiyo na kamera? Namba ya mwisho ngapi?"

"Sabini na mbili. Nimesoma kazi ya upande wa pili, nikaona vifuniko vya soda. Nikajua ni hapa." Alijipangusa jasho. "Mumeo amesema chochote?"

"Mume wangu hasemi siri ya mteja. Nimeomba hadi basi."

Mkaguzi alishusha pumzi, na pumzi hiyo ilimfungua. Alieleza kwamba hajui kuchapa. Ofisini ana kompyuta mpya iliyofunikwa kitambaa na kila ripoti huipeleka kibandani ndani ya gazeti, watu wasione. Alikuwa amekagua walimu kwa miaka kumi na sita, na katika kila fomu kulikuwa na mstari wa "matumizi ya teknolojia", na amewapa watu sufuri kwenye mstari huo. Jambo hili likitoka, ataificha wapi sura yake?

"Nimefikiria hivi," alisema kwa sauti ya chini. "Sisi wote tuseme tulitoa maneno hayo kwenye ukurasa fulani wa mtandao. Tulisahau kuutaja. Kosa dogo. Wanatupa onyo, tunaendelea. Kibanda hakitajwi, mimi sitajwi, wewe hutajwi."

Ilikuwa njia nzuri, nyepesi, na Mwalimu aliitazama kwa muda mrefu kuliko alivyopenda kukiri baadaye. Masomo mawili tu yalikuwa yamebaki. Kinachotakiwa ni uongo mdogo wa sentensi moja, tena sentensi moja kwa watu ambao hajawahi kuwaona. Na mtu anayemwomba ndiye anayesaini ripoti ya shule yake.

Mlangoni palikuwa na msichana wa miaka mitano, mwenye vifuniko mikononi, anasubiri zamu yake ya kuhesabu. Alikuwa hajui kwamba mkubwa aliyekaa kwenye kiti chake ni Mkaguzi. Alijua tu kwamba ni kiti chake.

"Mkaguzi," alisema Mwalimu, "mimi nitasema lililotokea upande wangu. Wako sitautaja. Useme mwenyewe, au usiseme."

"Hujui unachonifanyia."

"Najua. Naomba umpishe mwenye kiti."

* * *

Jumatano kibanda kilifungwa pazia. Nje watu wanne wenye karatasi waliambiwa wasubiri na wakasubiri, masikio yakiwa wima. Karani alikuwa amevaa shati la sherehe lililopigwa pasi mpaka linang'aa, amekaa pembeni ambapo kamera haimfikii, daftari jeusi mapajani. Mwalimu alikuwa mbele ya skrini na daftari lake la mistari. Kamera, safari hii, iliwashwa.

Jopo lilikuwa la watu watatu. Aliyeongoza alikuwa mhadhiri wa kozi, mama wa makamo mwenye sauti ya taratibu. Kulikuwa na kijisanduku cha tano, cheusi, namba ya mwisho sabini na mbili.

"Tueleze, Mwalimu," alisema Mhadhiri. "Kwa maneno yako."

Alieleza kuhusu kalamu na vidole viwili, kuhusu kibanda, kuhusu kunyoosha. Alisema kazi ya mwenzake wa darasani ilipitia wapi si lake kulisema. Alisema waraka hakuusoma, alama ya kukubali iliwekwa na mumewe, na kosa hilo ni lake yeye kwa sababu jina lililo juu ni lake.

"Huyo mume yupo?" aliuliza mjumbe mwenye ndevu.

Karani alisogeza kiti, akaingia kwenye picha kwa kiwiko kwanza. "Waheshimiwa wajumbe," alianza, "kwa heshima na taadhima, nikiwa na imani isiyotetereka..."

Mjumbe mwenye ndevu alikohoa, akazima maikrofoni yake, na mabega yake yakaendelea kutikisika. Karani aliyaona. Uso ulimwiva. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na miwili aliisikia sentensi yake kama wanavyoisikia wengine.

"Nimeandika mimi zile za njano," alisema kwa ufupi. "Ziko humu zote. Mke wangu hakujua."

Kisha kijisanduku cheusi kikamulika, na ndani yake akatokea Mkaguzi, ofisini, na nyuma yake kompyuta mpya iliyofunikwa kitambaa. Alikuwa anatumia simu, ameishika karibu mno, inaonyesha zaidi pua.

"Samahani," alisema. "Na mimi ni mteja wa hapohapo. Sijui kuchapa. Ndiyo hayo tu."

Mwalimu alifumba macho kwa sekunde moja. Nje ya pazia mtu mmoja alisema "hee!" na akanyamazishwa.

"Ahsante," alisema Mhadhiri, bila mzaha wowote, na jambo hilo Mkaguzi hatalisahau. Akageuza karatasi. "Sasa, Mwalimu, mimi za njano sikuzisoma sana. Niliziruka. Nilisoma nyeupe. Ukurasa wa nne unaandika kwamba ulimpa mtoto vifuniko, akavihesabu, na akasema ni kumi. Halafu kurasa mbili nzima unajenga hoja kwamba jambo hili ni la ajabu. Mtoto wa miaka mitano kusema kumi si ajabu. Nilikaa nikijiuliza, huyu mtu ameona nini?"

Mwalimu alikunja uso. "Hakusema kumi."

"Imeandikwa kumi."

Alifungua daftari la mistari, akapekua, akaweka kidole. Kisha akaligeuza na kuliinua mbele ya kamera, mwandiko wake wa ubaoni ukajaa skrini.

"Alisema basi mbili," alisema.

Mhadhiri aliinama mbele.

"Mimi nikigawa vifuniko huwa nahesabu, moja, mbili, tatu, nne, tano, basi. Kila siku. Huyu mtoto alidhani basi ni namba. Kwake ndiyo jina la fungu la vifuniko vitano. Siku hiyo nikampa vingi. Akahesabu, moja, mbili, tatu, nne, tano, basi. Akaanza tena, moja, mbili, tatu, nne, tano, basi. Akanitazama akasema, Mwalimu, ni basi mbili. Nikamwongeza vitatu. Akasema, basi mbili na tatu." Alikuwa amesahau jopo, amesahau pazia, mikono yake ilikuwa inagawa vifuniko visivyokuwepo. "Hajui kumi. Hajui hata sita. Lakini anazidisha. Ametengeneza hesabu yake mwenyewe kwa neno nililolitupa mimi bila kufikiri. Nikajiuliza, miaka kumi na tisa, ni wangapi wameniambia kitu kama hiki nikawaambia hapana, sema kumi?"

Aliongea dakika nane. Hakuna aliyemkatiza. Alipomaliza alimgeukia mumewe.

"Nilidhani umekosea," alisema Karani, karibu kwa kunong'ona. "Niliona basi mbili, nikasema huyu kachoka. Nikakunyooshea."

Mjumbe mwenye ndevu hakucheka tena. Mhadhiri alivua miwani. "Kifungu cha tisa watu wanakiona cha ukali," alisema. "Hatukukiandika kwa ajili ya wezi tu."

Wajumbe walitoka kwenye skrini robo saa, wakarudi. Wote wawili wataandika upya kazi ile ndani ya siku saba, kwa maneno yao wenyewe, na hata ikiwa nzuri vipi haitapata zaidi ya nusu ya alama. Onyo litakaa kwenye jalada. Msaada wowote utajwe. Mkaguzi aliagizwa ahudhurie somo la bure la kutumia kompyuta, Jumanne na Alhamisi, akasema "ndiyo, Mhadhiri" kwa sauti ambayo Mwalimu aliitambua, kwa kuwa ilikuwa ileile yake ya "ndiyo, Mkaguzi".

Pazia lilipofunguliwa wateja wanne walikuwa wakitazama mbingu kwa makini sana.

"Karani," alisema wa kwanza akinyoosha karatasi yake, "yangu chapa tu. Kama ilivyo."

* * *

Mwalimu aliandika kazi upya siku tatu, kwenye meza ya sebuleni, Bibi akiwa ameagizwa asimsemeshe mtu. Jumapili mchana alimpa mumewe daftari, na safari hii akavuta kiti akakaa kando yake kibandani. Mlango ulikuwa wazi na mtaa ulikuwa mtulivu.

Karani alichapa. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya. Sentensi ya kwanza ya mkewe ilisema "Mtoto huyu alinifundisha neno langu mwenyewe," na ikaishia hapo, bila hazina wala dhahiri shahiri. Vidole vilimwasha. Alitazama pembeni, mkewe akamtazama, akachapa kama ilivyo. Kufikia ukurasa wa pili alikuwa ameacha kuhangaika. Kufikia wa tatu aligundua kwamba anachapa polepole kwa sababu anataka kujua kitakachofuata.

"Hapa," alisema mara moja, "umeandika sentensi mistari mitano bila kupumua. Naweza kuweka mkato?"

"Mkato unaweza."

"Na nukta hapa?"

"Weka."

Walifika kwa msichana na vifuniko. Alichapa "basi mbili", na kompyuta ikapiga mstari mwekundu wa mashaka chini ya maneno hayo. Karani aliutazama ule mstari kwa dharau, kama mtu anayemwona mwenzake akirudia kosa lake la zamani, akaendelea mbele.

Ukurasa wa mwisho wa daftari ulikuwa na mistari miwili tu, imeachwa peke yake chini. Karani aliisoma kabla ya kuigusa kibodi. Kazi hii imechapwa na mume wangu, ilisema, na likafuata jina lake, majina yote matatu, kwa mwandiko wa ubaoni, kila herufi imesimama. Maneno yote ni yangu. Mikato na nukta ni zake.

Alikuwa amechapa majina ya watu wa eneo lile kwa miaka ishirini na miwili, wakubwa na wadogo, na aliyajua mengine mpaka namba za vitambulisho. Lake hakuwahi kulichapa kwenye karatasi ya mtu. Alianza, akakosea herufi ya pili, akafuta. Akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati, akaivaa tena.

"Kuna unalotaka kuongeza?" aliuliza Mwalimu.

Alikuwa nalo. Alikuwa na ukurasa mzima, wenye heshima na taadhima na imani isiyotetereka, na safari hii yote yangekuwa ya kweli.

"Hapana," alisema Karani. Aliweka nukta. "Basi."